Mvuke wa Barabarani: Jinsi Kundi la Steam Lilivyopata Jina na Mwimbaji Akakosa Lake

Kuna wimbo unaujua na hujui kama unaujua. Umeusikia kwa filamu za Marekani, uwanja mzima ukiimbia timu inayochapwa. Umeusikia kwa video fupi, mtu akiaga kazi aliyokuwa ameichukia. Unaitwa "Na Na Hey Hey Kiss Him Goodbye", ulitoka mwaka wa 1969, na kiitikio chake hata mtoto wa chekechea anakishika mara ya kwanza. Sasa niambie: uliimbwa na nani?

Usikimbilie kutafuta, nakupa jibu. Kwenye santuri imeandikwa Steam. Yaani Mvuke. Na hapo ndo stori inaanza, kwa sababu usiku ule wimbo unarekodiwa, wale jamaa waliokuwa studioni hawakuwa kundi, hawakuitwa Steam, na hawakuwa na mpango wowote wa kuitwa hivyo.

Napenda sana hizi stori za majina ya makundi. Nyingi ni za kuchekesha tu: mtu alifungua kamusi, mtu aliona bango, mtu alikuwa amelewa. Hii inachekesha pia, lakini ukiifuata hadi mwisho kicheko kinapungua. Na sisi tunaoishi kwa majina ya mtandaoni, ambao watu wanajua jina la ukurasa na hawajui la kitambulisho, tuna sababu ya kuifuata hadi mwisho.

Vijana watatu wa Bridgeport

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Bridgeport, jimbo la Connecticut, kulikuwa na vijana watatu: Paul Leka, Gary DeCarlo na Dale Frashuer. Walikuwa na bendi ya mtaa, zile za kupiga kwa sherehe na kumbi ndogo. Bendi yenyewe ilibadilisha majina kama nguo: iliitwa Glenwoods, ikaitwa Citations, ikaitwa Chateaus. Shika hiyo pointi, kwa sababu inaonyesha kuwa kwa hawa jamaa jina halikuwa kitu cha kukosea usingizi. Likichosha, unalitupa unachukua lingine.

Katika siku hizo walitunga wimbo mmoja wa kawaida, ballad hivi, kuhusu msichana aliye na mwanaume asiyempenda inavyofaa, na kijana mwingine pembeni anamwambia amuage huyo jamaa, amalize. Haukwenda popote. Bendi ikavunjika, maisha yakaendelea, wimbo ukabaki kwa vichwa vyao.

Leka ndiye aliyetoboa kwanza. Alihamia New York akawa mtunzi na prodyuza. Mwaka wa 1968 wimbo aliotunga pamoja na Shelley Pinz, "Green Tambourine", ulioimbwa na Lemon Pipers, ulifika namba moja Marekani. Kwa hivyo kufikia 1969 huyu si mtu wa kubahatisha. Ni jamaa anayejua mlango wa kampuni uko wapi na ubishe aje ndio ufunguliwe. Na kama rafiki mzuri, alimvuta mwenzake wa zamani: akamleta Gary DeCarlo, mwenye sauti, arekodi kwa kampuni ya Mercury.

Wimbo uliotengenezwa ili usichezwe

DeCarlo alirekodi nyimbo nne. Wakubwa wa Mercury wakazisikiliza, wakazipenda zote. Hapo ndo shida ikazaliwa.

Kwa wale mmezaliwa wakati muziki ni kitu cha kubonyeza, wacha nifafanue. Siku hizo wimbo uliuzwa kwa santuri ndogo yenye pande mbili. Upande A ndio ulikuwa wimbo wenyewe, ule kampuni inapeleka kwa ma-DJ wa redio. Upande B ulikuwa wa kujaza tu, kama ugali wa jana unaowekwa kando ya nyama ili sahani isionekane tupu. Sasa ukiwa na nyimbo nne nzuri, hutaki kuchoma moja kwa kuiweka upande B. Unataka kila moja ipate upande A wake. Kwa hivyo unahitaji takataka fulani ya kuweka nyuma. Tena takataka ya makusudi, isije ikamchanganya DJ akageuza santuri.

Leka na DeCarlo wakarudi studioni kutengeneza hiyo takataka. Frashuer naye alikuwepo siku hiyo. Wakiwa pale wakakumbuka ule wimbo wao wa Bridgeport, ule wa kuaga. Sawa, tutumie huo.

Hawakuita bendi. Walichukua mdundo wa dramu uliokuwa tayari kwenye mkanda wa mojawapo ya zile nyimbo nne, wakaukata na kuunganisha vipande. Leo unafanya hivyo kwa simu ukiwa kwa matatu. Wakati huo mkanda ulikatwa kwa wembe na kubandikwa. Leka akaweka vinanda. DeCarlo akaimba.

Halafu wakaona wimbo ni mfupi. Wakaamua kuurefusha, na sababu yao ndiyo inaniuaga: waliurefusha ili ma-DJ wasiupige kabisa. Redio za wakati huo zilipenda nyimbo fupi, kwa hivyo ukitaka wimbo usichezwe, ufanye mrefu. Wakahitaji kiitikio cha kujaza muda, na hakukuwa na maneno. Leka akakaa kwenye kinanda akiimba silabi tupu, zile mtunzi huweka kushikilia nafasi mpaka maneno yaje. Maneno hayakuja. Hakuna aliyehangaika kuyatafuta, maana nani angesikiliza?

Hebu fikiria hapo kidogo. Kile kipande ambacho dunia nzima inakijua, ambacho kimeimbwa na mamilioni ya watu wasiojua Kiingereza hata cha kuomba maji, ni kipande ambacho watunzi waliacha wazi kwa sababu hawakujali.

Shimo la barabarani

Kazi ikaisha, wakubwa wakasikia, wakasema: huu si wa upande B. Huu unatoka wenyewe.

Kwa msanii wa kawaida hiyo ni habari ya kupiga magoti na kushukuru. Kwao ilikuwa aibu. DeCarlo alikuwa anajengwa kama msanii wa kivyake, mwenye nyimbo nne safi zilizorekodiwa vizuri, na kulikuwa na jina la kisanii tayari kwa ajili yake, Garrett Scott. Hawakutaka jina hilo lichafuliwe na wimbo wa kuungaunga wenye kiitikio kisicho na maneno. Wakakubaliana: utoke, lakini si kwa jina lake. Utoke kwa Fontana, lebo dada ya Mercury, na utoke kwa jina la kundi. Kundi gani? Kundi lolote. Tafuta jina.

Kisa kinachosimuliwa ni kwamba walipotoka studioni baada ya kikao kile, waliona mvuke mzito ukifuka kutoka kwenye shimo la barabarani. Na hapo hapo jina likapatikana. Steam.

Mkenya akisikia hivyo anauliza swali la haki: mvuke unatoka shimoni kwa nini? Hapa Nairobi shimo la barabarani likitoa kitu, unaziba pua. Na mara nyingi kifuniko chenyewe hakipo, kishauzwa kwa kilo kwa watu wa vyuma vikuukuu. Lakini New York ina kitu cha ajabu. Tangu 1882 kuna mabomba chini ya barabara za Manhattan yanayosafirisha mvuke wa moto kutoka kwa mitambo hadi kwa majengo, kupasha nyumba joto wakati wa baridi na kuendesha mashine. Leo mfumo huo unaendeshwa na kampuni ya Con Edison, na mabomba yake yana urefu wa zaidi ya kilomita 150. Bomba likivuja, au maji ya mvua yakimwagikia bomba la moto, mvuke unapanda na kutokea kwa mashimo. Ndio ule moshi mweupe unaouona kwa kila filamu ya New York, polisi akipita katikati yake na koti refu.

Kwa hivyo mtu wa New York anapita kando ya mvuke huo kila siku bila kuuangalia. Jina lilichukuliwa kutoka kwa kitu cha kawaida kuliko vyote, na kisichokaa: dakika moja kipo, upepo ukipita hakipo. Kwa wimbo uliotarajiwa kusahaulika wiki ijayo, lilikuwa jina sawasawa.

Na nisipite bila kusema hili kwa wapenzi wa Kiswahili. Neno hilo hilo la mvuke lilifika kwetu zamani kwa njia ya bahari. Wazee wa pwani waliziita meli za mvuke stima, kutoka kwa Kiingereza. Meli zikaenda zake, neno likabaki, na leo Mkenya akisema stima zimepotea hamaanishi meli, anamaanisha yuko gizani. Jina hufanya hivyo. Linatoka kwa kitu kimoja, linahamia kwa kingine, na baada ya muda hakuna anayekumbuka lilianzia wapi. Kumbuka hilo tukiendelea.

Namba moja bila sura

Wimbo ukatoka. Zile nyimbo nne safi hazikufika mbali. Mojawapo, "Workin' on a Groovy Thing", ilikuwa na bahati mbaya zaidi: kundi kubwa la The 5th Dimension lilitoa toleo lake mwaka huo huo na hilo ndilo watu wakalisikia. Lakini ile takataka ya upande B ikapanda. Wiki ya tarehe 6 Desemba 1969 ilifika namba moja kwenye chati ya Billboard ikimng'oa nani? Beatles, na santuri yao ya "Come Together" na "Something". Ikakaa juu wiki mbili. Mwaka uliofuata ikaingia kumi bora Uingereza pia.

Sasa simu zikaanza. Promota anataka Steam waje wapige. Televisheni inataka Steam. Kampuni inataka albamu ya Steam. Na Steam ni nani? Ni mvuke. Ni prodyuza mwenye kazi zake, mwimbaji aliyefichwa, na rafiki yao aliyekuwepo siku hiyo.

Suluhisho lilikuwa lile la biashara: vijana wengine walitafutwa, wakawa Steam. Wakazunguka majukwaani, wakapigwa picha, wakaimba wimbo ambao hawakuurekodi. DeCarlo, mwenye sauti uliyoisikia kwa redio, hakuwa ndani yake. Wimbo uliofuata kwa jina la Steam, "I've Gotta Make You Love Me", uliishia namba 46, na baada ya hapo kundi likafanya vile jina lake linafanya.

Nataka tuelewane hapa, kwa sababu najua mtu tayari anaandika "wazungu wezi" pale chini. Wale vijana wa jukwaani hawakuiba kitu. Waliitwa kazini, wakaenda. Leka naye ndiye aliyemtoa mwenzake Bridgeport akamfungulia mlango. Uamuzi wa kuficha jina ulikuwa wa kumlinda DeCarlo, si wa kumwibia. Hiyo ndiyo inafanya stori hii iume. Ingekuwa rahisi kama kungekuwa na mtu mbaya. Hapa hakuna mtu mbaya wa wazi. Kuna jina tu, lililochukuliwa kwa mzaha mlangoni mwa studio, halafu likakua kuliko watu waliolichukua.

Haikuwa wao tu

Kama unadhani hiki kilikuwa kituko cha mara moja, angalia majirani zao. Wimbo ulioongoza orodha ya Billboard ya mwaka mzima wa 1969 ulikuwa "Sugar, Sugar" wa The Archies. Archies walikuwa katuni! Michoro ya kitabu cha vibonzo. Sauti ilikuwa ya Ron Dante, mwimbaji wa studio ambaye angepita kando yako dukani usimjue.

Ng'ambo ya bahari, Uingereza, kulikuwa na jamaa anaitwa Tony Burrows. Mwanzoni mwa 1970 sauti yake ilikuwa kwenye chati kwa majina tofauti kwa wakati mmoja: Edison Lighthouse, White Plains, Brotherhood of Man, Pipkins. Mtu mmoja, makundi manne. Msikilizaji nyumbani alidhani anasikiliza vijana wengi wenye vipaji.

Huo ndio ulikuwa mfumo. Studio inatoa sauti, ofisi inatoa jina, na sura inatafutwa baadaye kama itahitajika. Jina la kundi lilikuwa kama kibandiko cha chupa, na atakayebandika kibandiko ni mwenye kiwanda. Mwenye kujaza chupa alilipwa akaenda nyumbani.

Wimbo ukapata maisha mengine

Kawaida wimbo wa namba moja wa kundi la uongo unakufa. Huu ulikataa. Mwaka wa 1977, Chicago, timu ya besiboli ya White Sox ilikuwa na msimu wa moto, na uwanjani kwao Comiskey Park kulikuwa na mpiga kinanda anaitwa Nancy Faust. Kazi yake ilikuwa kuchangamsha mashabiki kati ya mchezo. Mrushaji wa timu pinzani alipolemewa na kutolewa uwanjani, Faust alikuwa akipiga kile kiitikio. Siku moja uwanja ukaitikia. Ukaitikia tena. Baadaye ikawa desturi, ikahama kutoka besiboli hadi mpira wa kikapu, hoki na kila mchezo ambao mtu hushindwa mbele ya watu.

Na kwa nini uwanja uliweza kuimba? Kwa sababu hakukuwa na maneno ya kukariri. Ule uvivu wa watunzi, kile kipande kilichoachwa wazi, ndicho kilichofanya watu elfu thelathini waimbe bila mazoezi. Mei 2017 hata wabunge wa Democrats waliwaimbia wenzao wa Republican ndani ya bunge la Marekani, baada ya kura ya muswada wa afya. Watu wazima, wenye suti, wakizomea kwa wimbo ambao ulitungwa ili usisikike.

Halafu kuna kipande kinachotugusa sisi. Mwaka wa 1983 wimbo ulirudiwa na Bananarama, kundi la wanawake watatu wa London, ukafika namba tano Uingereza. Hao Bananarama ni nani kwetu? Ni wale ambao santuri yao ya kwanza kabisa, mwaka wa 1981, iliimbwa kwa Kiswahili. Naam. Inaitwa "Aie a Mwana", na wao wenyewe hawakujua Kiswahili. Waliishika sauti kwa sauti. Nayo walikuwa wameirudia kutoka kwa Black Blood, kundi la Waafrika lililorekodi Ubelgiji miaka ya sabini. Na watunzi wanaotajwa ni Daniel Vangarde na Jean Kluger, Mfaransa na Mbelgiji. Umeona msururu? Lugha yetu, sauti za Waafrika, kalamu za Ulaya, umaarufu London. Muulize Mwingereza wa umri fulani ule wimbo ni wa nani, atakuambia Bananarama. Jina lililo mbele ndilo linalobaki kwa kichwa cha msikilizaji. Walio nyuma yake ni mvuke.

Nani anamiliki mvuke?

Sasa tufike kwa biashara, kwa sababu hapa ndo vijana wengi wa Kenya wanaumizwa.

Kwenye wimbo mmoja kuna haki tofauti, na kila moja ina mwenyewe. Kuna haki ya mtunzi: aliyeandika maneno na melodi. Kuna haki ya mwimbaji na mpigaji: aliyefanya sauti isikike. Kuna haki ya mwenye rekodi: aliyelipia studio. Hapa kwetu hata vyama vya kukusanya mirabaha vilianzishwa kwa kufuata mgawanyo huo: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, KAMP kwa wenye rekodi. Unaweza kuwa kwa kimoja, viwili au vyote, kulingana na ulichofanya.

Na nje ya hizo zote kuna jina la kundi. Jina si hakimiliki ya wimbo. Jina ni alama ya biashara, na ofisi yake ni nyingine kabisa, KIPI, wala si KECOBO. Ndiyo maana unaweza kuwa umeandika wimbo na kuuimba, lakini mtu mwingine akawa na haki ya kupanda jukwaani akijiita jina lililo juu ya wimbo huo.

Rudi kwa DeCarlo. Kama mtunzi hakupotea: majina ya Leka, DeCarlo na Frashuer yapo wote watatu kama watunzi. Kama mwimbaji je? Marekani ina sheria ya kushangaza: redio za kawaida zinamlipa mtunzi wimbo ukichezwa, lakini hazimlipi mwimbaji. Kwa hivyo ile sauti kwa redio, mara elfu na elfu, haikumwingizia kitu kama sauti. Faida ya mwimbaji ilikuwa kwa jukwaa, kwa kujulikana, kwa mtu kukuona ukipita na kusema ni huyo. Na hiyo yote ilikuwa imefungwa kwa jina Steam.

Leka aliendelea kufanya kazi kubwa. Mwaka wa 1974 alikuwa prodyuza wa "Cat's in the Cradle" ya Harry Chapin, namba moja nyingine. Alifariki 2011. DeCarlo alifariki Juni 2017, akiwa na umri wa miaka 75. Hadi uzeeni alikuwa bado anaeleza kwenye mahojiano kwamba sauti ile ni yake. Piga picha hiyo: uwanja mzima unaimba wimbo wako, na ukimwambia jirani yako wa kiti kuwa ni wewe, atakuangalia vile tunaangalia mtu wa kubahatisha.

Msimamo wangu

Watu wakisimuliwa stori hii humaliza na somo rahisi: weka jina lako kwa kila kazi yako. Sikubaliani, angalau si moja kwa moja.

Angalia vizuri. Wimbo ulikuwa mzuri kwa sababu hakuna aliyekuwa analinda jina lake. Wangejua ni upande A wa Gary DeCarlo, wangeita bendi, wangeandika maneno ya kiitikio, wangeufupisha ili redio iupende. Wangetengeneza wimbo wa tano safi, na leo hakuna ambaye angeujua, kama vile hatuzijui zile nne. Kujificha kuliwapa uhuru. Sisi wa mtandaoni tunajua hiyo siri: ile video uliyofanya kwa dakika kumi bila kuoga ndiyo inayopasua, na ile uliyoikodia kamera inakaa na watu mia mbili. Akaunti ya pembeni, isiyo na jina lako, mara nyingi ndiyo yenye wewe halisi.

Kwa hivyo jifiche ukitaka. Jiite Mvuke, jiite Kifuniko, jiite jina la mbuzi wa jirani. Kosa halikuwa hapo. Kosa lilikuwa kuliacha jina liende barabarani bila karatasi inayosema nani yuko ndani yake. Walilichukulia jina kama kitu cha kutupa kwa sababu walikichukulia wimbo kama kitu cha kutupa, na hakuna mtu duniani anayejua mapema ni kitu gani chake kitatupwa na kipi kitabaki. Wakubwa wa Mercury hawakujua. Leka, mwenye namba moja tayari mfukoni, hakujua. Wewe na prodyuza wako wa bedsitter mtajuaje?

Nimeona vikundi vitatu vinne vya vijana ninaowajua vikivunjika hapa mjini, na ugomvi haukuwahi kuwa kuhusu wimbo. Ulikuwa kuhusu jina: nani abaki na ukurasa, nani ana nywila, nani aliitwa kwa shoo akaenda peke yake akijiita kundi. Watu walioanza wakigawana chapati moja sasa hawasalimiani, na ukiuliza kama kulikuwa na makubaliano, unaambiwa "si tulikuwa maboys tu."

Leka na DeCarlo pia walikuwa maboys tu.

Kwa hivyo hii wikendi, kabla hamjaachia hiyo ngoma mnayosema ni ya mzaha, chukueni karatasi moja. Andikeni jina mlilochagua. Chini yake andikeni nani ametunga, nani ameimba, nani amelipia, na jina likifaulu ni la nani, na mmoja akitoka kutakuwaje. Wekeni sahihi wote, kila mtu abaki na nakala. Itawachukua muda mfupi kuliko ule Steam walichukua kupata jina lao, na wimbo ukifa, karatasi mtafungia mandazi.